Maji ya Kwanza

Walimkalisha kwenye meza ya pembeni, ile ile aliyokalia marehemu, na Inspekta hakuwa na wa kumlaumu kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeiomba. Alitaka kula alichokula Mzee siku ile, kwa mpangilio ule ule, mchana kama ule, kwa mkono wa mhudumu yule yule. Uyoga peke yake ndio aliouomba ubaki huko huko ulikoota.

Ulikuwa mgahawa wa kuwekewa nafasi mapema, ambao watu walifunga safari kuja kula. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba jikoni hakikuingia kitu kilichotoka mbali wala kilichopitwa na msimu wake. Kilichochumwa leo kililiwa leo. Mhudumu, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, aliweka sahani ya karoti mbele ya Inspekta akaanza kumsimulia: shamba zilikotoka, mama aliyezing'oa, hali ya udongo baada ya mvua. Inspekta, ambaye chakula chake cha mchana kwa kawaida kilikuwa ndizi iliyomenywa juu ya faili, alisikiliza hadi mwisho. Kufikia hapo aliujua ukoo wa karoti zile kuliko alivyowajua majirani zake.

"Na hakuna kinachotupwa," mhudumu akamalizia. "Majani yake ndiyo hayo ya kijani pembeni. Maganda yameingia kwenye supu inayofuata. Hapa hakitupwi kitu, afande. Mzee alikuwa mkali sana kwa hilo."

Mzee huyo, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Msimu, ndiye aliyeanzisha mgahawa na ndiye aliyekuwa kaburini. Kila msimu ulipoleta kitu kipya, sahani ya kwanza ilikuwa yake. Alikaa meza hii ya pembeni, akaonja, akasema ndiyo au hapana, na bila ndiyo yake hakuna mgeni aliyeandaliwa chakula hicho. Mara ya mwisho kilichokuwa kipya ni uyoga wa kahawia unaoota chini ya misonobari mvua za kwanza zikishanyesha. Alikula mchana. Jioni akaanza kutapika. Hospitali ilihangaika naye mpaka ini likagoma, na juma halikuisha.

Uyoga uliletwa na mchumaji wake wa miaka mingi, mtu wa misituni aliyeitwa Kiguu kwa sababu siku zote alikuwa kiguu na njia, leo bondeni, kesho mlimani. Kiguu na Mzee Msimu walikuwa wamegombana mbele ya wageni kabla ya hapo. Sasa Kiguu alikuwa mahabusu, kesho asubuhi anapandishwa kizimbani kwa mauaji, na aliyemfunga pingu ni Inspekta mwenyewe. Bosi wake alishasema kesi imeiva. Inspekta aliona bado ni mbichi, ila hakuweza kuonyesha pa kuibonyeza.

Kutoka mezani aliona jiko lote, maana ukuta ulikatwa dirisha pana ili wageni wawatazame wapishi. Katikati alisimama bintiye Mzee, ambaye wafanyakazi wote, hata waliomzidi umri, walimwita Dada Mkuu. Alifunga kitambaa cheusi cha msiba juu ya aproni nyeupe. Hakuwa mtu wa maneno. Alionja, akatikisa kichwa, akasema neno moja, na watu wakakimbia.

"Imeiva ya mlangoni."

"Imeiva, Dada."

"Mwaga ya dirishani. Mwaga, usidondoshe."

"Namwaga, Dada."

Inspekta alitafuna karoti. Makelele ya jikoni hayakuwa kazi yake, na alikuwa na swali la kumuuliza mhudumu.

"Siku ile uyoga alikuletea nani mkononi?"

"Dada Mkuu mwenyewe, hapo dirishani. Nikaubeba hatua hizi chache. Hakuna aliyenisimamisha, hakuna aliyeigusa sahani."

"Mzee aliula wote?"

"Aliula wote, akachukua mkate akakomba sahani mpaka ikang'aa." Mhudumu alitazama kitambaa cha meza. "Sikuwa nimemwona akikomba sahani tangu mkewe afariki. Kisha akaniita. Akasema, mwambie Kiguu kesho asipite mlango wa nyuma. Apite mbele, aje akae na mimi hapa mezani."

Inspekta aliacha kutafuna. "Hilo hukuniambia mwanzo."

"Hukuniuliza alisema nini, afande. Uliniuliza nani aligusa sahani." Alisema hivyo bila ukorofi. "Na mwenyewe sikupata nafasi ya kuufikisha ujumbe. Jioni Mzee akaanza kuumwa, na kabla hatujajua ni nini mlikuwa mmeshamchukua Kiguu."

Inspekta aliandika, ingawa hakuona ulisaidia nini. Mtu aliyesamehe anaweza kuuawa na mtu ambaye hajapata habari kwamba amesamehewa. Ndivyo Bosi angesema, na safari hii angekuwa na haki.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kuja mgahawani, alikuwa amemtoa Kiguu mahabusu na kumkalisha tena kwenye kile chumba cha mahojiano chenye harufu ya dawa ya sakafu. Mtu aliyezoea kulala penye upepo alikuwa amesinyaa kama mboga iliyosahauliwa juani.

"Nianze tena?" Kiguu aliuliza.

"Anza tena."

"Uyoga ule unachemshwa mara mbili. Ubaya wake wote unatoka na maji ya kwanza. Ukiyamwaga, unakula wewe na watoto wako. Kwangu asubuhi ile tulikula kutoka kapu lile lile, na mke wangu mmemwona, mzima."

"Ulimweleza binti kwamba maji yale yana sumu?"

"Nilimwambia, maji ya kwanza mwaga. Nilisimama nje ya dirisha la nyuma, nikampa kapu, nikasema hilo, nikaondoka."

"Kitu kipya kabisa jikoni, na wewe unasema maneno manne tu?"

"Zamani ningeingia. Kila nilipoleta kitu kipya niliingia, nikasimama na Mzee kwenye jiko, tunapika pamoja, tunabishana chumvi. Lakini aliniambia mbele za watu kwamba nimemletea mboga za jana. Mimi. Mboga za jana. Katika nyumba ile hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nikaapa mlango ule siingii mpaka aniite. Ule uyoga ndio ulikuwa wa kumwomba yaishe, kwa sababu mdomo wangu ulikataa. Tungekuwa tunasemeshana, afande, ningeingia ndani nikamwaga mwenyewe."

Na hapo ndipo kesi ilipogoma. Maelezo ya binti yalikuwa ndani ya faili lile lile, na yalisema: Kiguu aliniambia maji ya kwanza mwaga, nikamwaga. Mtuhumiwa na shahidi walikubaliana neno kwa neno, jambo ambalo Inspekta hakuwahi kuliona tangu aanze kazi. Lakini mkemia wa serikali naye alikuwa na yake. Hakukuwa na uyoga wa aina nyingine tumboni mwa marehemu, ni huo huo wa kahawia, na sumu ilikuwa nyingi kana kwamba maji hayakumwagwa hata tone. Basi mmoja alikuwa anadanganya. Bosi alisema ni Kiguu, kwamba aliligawa kapu, mzuri akapeleka kwake na mbaya kwa adui yake. Inspekta kwa upande wake alikuwa amemwangalia binti kwa jicho la pembeni. Mgahawa ulikuwa unabaki kwake peke yake, na watu wameuana kwa urithi mdogo kuliko huo.

Mhudumu alirudi. Safari hii alileta bakuli pana lenye kipande cha samaki wa mtoni katikati, kavu, kimekaa peke yake. Kwa mkono wa pili alishika kijagi kidogo cha udongo.

"Nimwage, afande?"

Inspekta alilikumbatia bakuli kwa mikono miwili. "Umwage nini? Hata sijaonja."

Mhudumu alibaki ameduwaa na kijagi chake. Kisha uso ukamlegea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaonekana kutaka kucheka. "Samahani. Ni maneno yetu ya jikoni. Kumwaga kwetu ni kumtilia mgeni mchuzi. Mzee ndiye aliyeyaleta, zamani wakiwa na meza chache. Alikuwa na mkono mzito, mchuzi unafurika, wakamtania kwamba Mzee hamimini, anamwaga. Basi likabaki. Sasa mchuzi ukiwa tayari, tunamwaga."

"Na kitu cha kutupa mnakiitaje?"

"Cha kutupa?" Mhudumu alifikiri kwa dhati. "Hatuna cha kutupa."

Inspekta aliliachilia bakuli na mikono yake ikabaki hewani. Watu humwaga machozi, humwaga damu, wengine humwaga unga wakafukuzwa kazi. Neno hilo alikuwa amelisikia tangu amekaa pale, likipigiwa kelele juu ya vichwa vya wageni, na masikio yake yakalipitisha kama yanavyopitisha honi barabarani. Alitazama kijagi. Mchuzi ndani yake ulikuwa mzito, unang'aa, unanukia kila kizuri kilichowahi kuchemka.

"Huo umetengenezwa na nini?"

"Maji yaliyomchemsha samaki, afande. Yanaachwa motoni mpaka yapungue, halafu siagi kidogo."

"Usimwage," Inspekta alisema. "Niite Dada Mkuu. Au hapana, kaa, nakwenda mwenyewe."

Jikoni kulikuwa na joto la kukata pumzi. Dada Mkuu alimwona akiingia, akampa kijana aliyesimama karibu naye mwiko wake, akajifuta mikono. Inspekta alimwomba watoke hadi chumba cha kuoshea mboga, mahali palipokuwa na sinki, makapu na dirisha dogo la nyuma. Dirisha lenyewe ndilo lile. Alitamani pawe pengine.

"Dada, nakuuliza tena nilichokuuliza mwanzo. Kiguu alisema nini?"

"Alisema maji ya kwanza mwaga."

"Akasema kwa nini?"

"Hakusema. Alikuwa na haraka. Hata salamu yangu aliijibu akiwa ameshageuka."

"Na wewe ukafanya nini? Nieleze kama unavyomfundisha mpishi mgeni."

"Nikachemsha uyoga, nikauchuja. Nikauchemsha mara ya pili peke yake, kwa sababu Kiguu aliwahi kutuambia kwamba ni mgumu. Maji ya kwanza nikayarudisha motoni kwenye sufuria ndogo. Yalikuwa na harufu nzuri ajabu. Yakapungua, nikatia siagi, chumvi." Alikuwa anaongea kwa utulivu wa mtu anayekijua anachokifanya. "Nikamwaga."

"Ukamwaga wapi?"

"Kwenye sahani ya baba," alisema, na neno la mwisho halikutoka lote.

Inspekta aliwahi kuwaambia watu habari nyingi mbaya katika kazi hii, na kila mara alijua maneno ya kutumia. Safari hii neno lenyewe ndilo lililokuwa habari. Akamwona binti akilirudia kimya kimya, midomo ikicheza, kwanza kwa sauti ya jikoni kwao, kisha kwa sauti ya watu wote wengine waliobaki duniani. Mkono wake ukatafuta ukingo wa sinki.

"Alimaanisha nitupe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nitupe. Hapa." Alitazama tundu la sinki. "Ni mimi."

"Uliyaonja?"

"Siwezi kumpa baba kitu sijaonja. Ncha ya kijiko." Akainua macho. "Usiku tumbo lilinisumbua. Nikadhani ni wasiwasi wa baba kuumwa."

"Mpishi anayeijua sumu haionji," Inspekta alisema. Alilisema kama afisa, kwa sababu ndilo lingeandikwa na ndilo lingemlinda mbele ya Bosi na mbele ya hakimu, lakini aliona halikumfikia. Binti hakuwa akiogopa jela. Alikuwa akiiona sahani iliyokombwa kwa mkate, na furaha aliyoipata yeye ilipomrudia dirishani ikiwa safi. Inspekta alimshika bega. Alijuta kuwa na akili iliyofika pale, na alijuta zaidi kwamba haikufika mapema, kabla hajamfunga mtu pingu.

Kutoka jikoni sauti iliita, "Dada, imeiva ya pembeni. Tumwage?"

Iliita tena, kisha ikanyamaza.

"Kiguu yuko wapi?" binti aliuliza.

"Kwangu. Mahabusu."

"Na siku zote hizi mimi nimekuwa nikimlaani." Alifungua aproni, akaikunja kwa mazoea, akaiweka juu ya kapu. "Nipeleke, afande. Nitaandika maelezo mapya, lakini yeye ayasikie kwangu kwanza."

Bosi alikasirika kwenye simu, kisha akauliza maswali, na mwisho akasema mtuhumiwa asipelekwe kizimbani, na faili lije mezani kwake na maelezo ya wote wawili. Inspekta alijua maana yake. Jambo lilikuwa halijaisha, lakini mauaji yalikuwa yametoka kwenye jalada.

Kiguu aliletwa chumba cha mahojiano bila pingu. Alipomwona binti alisimama mlangoni, hajui kama aingie.

"Baba mdogo," binti alisema.

"Mwanangu, mimi nilikuambia mwaga."

"Nilimwaga, baba mdogo. Niliyapika yakawa mchuzi, nikamwaga kwenye sahani yake. Kama tunavyosema sisi."

Inspekta alimtazama Kiguu usoni, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yake. Aliona mtu anasikia, kisha anaelewa, kisha anazeeka. Kiguu alishuka taratibu mpaka kwenye kiti.

"Neno lenu hilo nalijua," alisema. "Nimekaa dirisha la nyuma miaka yote nikilisikia. Mwaga, mwaga, usidondoshe. Nalijua kama jina langu. Siku ile nilikuwa na hasira, nikaongea kama mtu wa njiani." Akamgeukia Inspekta. "Andika hilo, afande. Kwamba nililijua. Mkitaka kunirudisha ndani, sawa."

"Ningeuliza," binti alisema. "Jambo jipya, mtu ana haraka, mimi ningeuliza tu, kwa nini."

"Na mimi ningeingia."

Walikaa hivyo, kila mmoja anautaka mzigo wa mwenzake, na Inspekta aliona kwamba hapa hakuna wa kumkamata. Kalamu ilikuwa mkononi. Aliandika alichoambiwa aandike, kwa sababu mwenye hatia hatoi mwenyewe kipande cha ushahidi kilichokosekana, na hata Bosi angeliona hilo. Alipofunga faili alikumbuka kwamba alikuwa na kitu cha mtu.

"Kuna ujumbe wako," alimwambia Kiguu. "Ulipaswa kukufikia zamani. Mzee alimwambia mhudumu siku ile baada ya kula, na mhudumu hakupata nafasi, kwa sababu tulikuwa tumeshakuchukua. Nilikuwa nimekuchukua."

Kiguu alingoja.

"Alisema usipite mlango wa nyuma tena. Upite mbele, ukae naye mezani."

Binti alifunika uso. Kiguu hakulia. Alijitazama kuanzia magotini kushuka chini, kwenye suruali iliyochakaa na viatu vilivyokuwa bado na tope la msituni, kavu sasa, linadondoka vipande vipande kwenye sakafu safi ya kituo.

"Mbele?" alisema. "Na viatu hivi?"

"Hakusema kitu kuhusu viatu," Inspekta alijibu, akaenda kumtafutia mkanda wake na kapu lake.